Sinia, Bakuli na Kisosi

Anayeingia kwenye gereji ile asubuhi, kitu cha kwanza kumpokea si gari. Ni kamba iliyofungwa kutoka nguzo ya geti hadi dirisha la ofisi, na juu yake, kwa vibanio vya nguo, zimening'inizwa pedi za sponji na za manyoya, kubwa kwa ndogo, zimeoshwa na bado zinachuruzika maji. Wageni hudhani ni nguo za mtoto. Fundi rangi, mwenye gereji, huwaambia hawajakosea sana.

"Hao ni watoto wa shemeji yangu," husema. "Mguse mmoja, utakiona cha moto."

Shemeji mwenyewe ni mwanamke mrefu wa miaka arobaini na kitu, mwenye viganja vipana na sauti inayosikika hata kompresa ikiwa inanguruma. Wote humwita Kioo. Jina hilo hakupewa na mteja wala jirani. Alijipa.

"Nilingoja watu waniite hivyo," husema bila haya, "nikaona wanachelewa."

Kazi yake ni kupiga polishi. Fundi rangi akishapuliza na rangi ikakauka, au gari la zamani likiletwa limefifia, Kioo ndiye anayeshika mashine ya kuzunguka na kuurudisha mng'aro ambao mwenye gari alikuwa ameshausahau. Mashine ni moja. Kinachobadilika ni pedi, na hapo, kwa maelezo yake, ndipo magari mengi ya watu yanapoharibiwa. Mafundi wanachagua pedi kama mwenye njaa anavyochagua sahani: kubwa ndiyo nzuri, mambo yaishe.

Yeye ana saizi tatu, na amezipa majina ya jikoni. Sinia ni ya inchi nane, ya boneti, paa na milango, mahali palipo bapa na papana. Bakuli ni ya inchi sita, ya pale bati linapoanza kupinda. Kisosi ni ya inchi tatu, ya nguzo za madirisha, kando ya vitasa, chini ya taa, na kwenye mikunjo ambayo watengenezaji wa magari huiweka, anavyoamini yeye, kwa makusudi ya kumsumbua.

"Pembeni mwa Sinia kunakimbia kuliko katikati," hueleza, akichora duara hewani. "Mashine ileile, mzunguko uleule, lakini wa pembeni ana safari ndefu. Sasa ipandishe kwenye mgongo wa bati. Katikati haigusi kitu. Pembeni ndiko kunakokanyaga, tena mbio. Ukija kushtuka, umeshaiona praima."

Kuiona praima, yaani ile rangi ya kijivu ya chini kabisa, ndiyo aibu kubwa ya kazi hii. Rangi iliyoungua haisuguliwi ikarudi. Inapakwa upya.

Mashine za kuzunguka alizijulia sakafuni. Kabla ya gereji alikuwa msafishaji katika jengo kubwa la ofisi, akisukuma mashine ya kung'arisha sakafu kwenye korido ndefu kabla wenye suti hawajafika. Mashine ile haina huruma kwa mgeni. Siku ya kwanza ilimburuta hadi kwenye ndoo ya maua na ikataka kumpandisha ngazi. Baadaye aligundua kwamba haitaki nguvu. Ukiinua mpini kidogo inakwenda kulia, ukiushusha inakwenda kushoto, na mtu mwenye kiuno kilegevu anaweza kuiongoza kwa vidole viwili huku akiimba. Mkataba wa usafi ulipopewa watu wengine, dada yake, ambaye ni mke wa fundi rangi na ndiye anayekaa ofisini kupokea simu na funguo, alimwita gereji.

"Gari si sakafu, shemeji," fundi rangi alimwambia siku ile.

"Kweli," alijibu. "Sakafu watu wanaikanyaga na bado inang'aa. Rangi yako hata haijakanyagwa, mbona imefifia?"

Dada yake alicheka hadi akakosea kumjibu mteja kwenye simu. Tangu hapo utani kati ya mashemeji hao wawili haujapoa. Fundi rangi ni mtu mnene, mwepesi wa mkono, anayependa kazi iende. Anapuliza rangi vizuri, na anajua. Kioo anang'arisha vizuri, na anajua. Katika uwanja mdogo kama ule, watu wawili wanaojua ni wengi.

Gari jeusi lililetwa asubuhi yenye jua kali na mstaafu mmoja aliyekuwa dereva wa ofisi. Lilikuwa saluni ya zamani, ndefu, yenye pembe. Aliliendesha akiwa kazini kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na alipostaafu ofisi ikamwachia. Kabla hata ya kusalimia, alitoa kitambaa cha manjano kilichopauka kutoka mfuko wa nyuma wa suruali, akafuta vumbi kwenye mlango wa dereva, kisha ukingo wa boneti, kisha madigadi ya mbele ya kulia. Ndipo akakikunja na kukirudisha mfukoni.

"Hamjambo," akasema. "Gereji mbili zimeniambia lipakwe upya. Sitaki."

Fundi rangi alilizunguka gari, mikono nyuma. "Mzee wangu, nisikufiche. Nao hawajakudanganya. Rangi hii imechoka. Nikikupulizia mpya, hutalijua."

"Ndiyo maana sitaki. Nikishindwa kulijua, nitakuwa naendesha gari la nani?"

Fundi rangi akaguna. Kioo alikuwa ameshachuchumaa kando ya mlango. Alilowesha kipande cha nguo nyeupe kwa tone la dawa ya kusugulia, akasugua mahali pasipoonekana, chini karibu na tairi. Nguo ikatoka nyeusi ti.

"Hii ni rangi ya zamani," alisema. "Haikufunikwa na klia, ule utando angavu wa juu, kama magari ya siku hizi. Ukiisugua, inayotoka ni rangi yenyewe."

"Yaani unaimaliza," alisema mstaafu.

"Mtu asiyejua anaimaliza. Mimi nitatoa ile iliyokufa tu." Alisimama, akajipangusa magoti. "Rangi hii itabaki, mzee. Nimesema mimi."

Dada yake alichungulia dirishani. Fundi rangi alitazama juu kama mtu anayetafuta mvua. Mstaafu alimwangalia mwanamke yule mrefu kuanzia viatu hadi kilemba, akatoa funguo mfukoni, akamkabidhi yeye, si fundi.

"Kesho mchana nakuja," alisema.

Alipotoka, fundi rangi hakungoja hata geti lifungwe. "Shemeji, umeapa juu ya kitu hukijui unene wake."

"Nitakijua."

"Na ukiunguza?"

"Nikiunguza utapaka wewe, na kila siku utanikumbusha hadi nizeeke. Unadhani sijalifikiria hilo? Ndilo linalonitisha kuliko yote."

Hakuwasha mashine siku ile hadi mchana. Aliliosha gari, akalikausha, akaliingiza kivulini, kisha akachukua taa ya mkononi na kulikagua bati kwa bati, taa ikiwa imelazwa pembeni ili mikwaruzo yote isimame. Alitegemea kukuta gari limechoka sawasawa. Hakukuta hivyo. Paa lilikuwa na rangi nene, iliyopauka tu kwa jua. Upande wote wa abiria ulikuwa mzima. Lakini juu ya mlango wa dereva, kwenye ukingo wa boneti na mgongoni mwa madigadi ya mbele ya kulia, weusi ulikuwa na ukijivu wa mbali, kama ukuta unaoonekana kupitia pazia. Hapo palikuwa pembamba. Na mikwaruzo ya hapo, midogo kama nywele, yote ililala upande mmoja, kama nyasi zilizolazwa na upepo.

Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akafikiri. Jua haliteui. Mvua haiteui. Kitu kilichochagua mlango wa dereva kikauacha wa abiria kilikuwa na mkono, na mkono huo ulikuwa wa kulia.

"Kitambaa," alisema kwa sauti.

"Unataka kitambaa?" dada yake aliuliza kutoka dirishani.

"Sitaki. Nimekiona."

Hakueleza zaidi. Alichukua utepe wa karatasi, akabandika kila ukingo na kila mgongo wa bati, hasa pale palipo pembamba, kisha akashusha Sinia kutoka kwenye kamba.

Kumtazama Kioo akiwa na Sinia juu ya paa la gari ni kumtazama mtu aliyerudi kwao. Alizungusha polepole, maana pedi pana haitaki mwendo wa mashindano, akipita mstari juu ya mstari, mguu mmoja mbele, kiuno kikifuata mkono. Dawa ilitandazwa, ikafifia, ikafutwa, na weusi uliokuwa umelala chini ya ukungu ukainuka. Boneti ikafuata, ila ukingo. Milango, ila sehemu ya juu. Kwenye mabega ya gari alibadilisha na kufunga Bakuli. Kila mara alipobadilisha pedi alibadilisha pia bamba, ile sahani ngumu ya plastiki inayoshika pedi kwa nyuma. Hili halikubali mjadala kwake: bamba lazima liwe dogo kuliko pedi, ili pembeni ibaki sponji tupu. Likilingana na pedi, siku moja litachungulia, na likichungulia litauma.

Jioni ilipofika alikuwa amebakiza sehemu tatu tu, zile pembamba. Akazifunika kwa shuka safi na kwenda zake.

Asubuhi yake alizianza kwa Kisosi. Ilikuwa ya sponji laini, imetumika sana, na ukingo wake ulikuwa umechanika hapa na pale, kwa hiyo alikuwa ameikata kwa mkasi mzunguko mzima ili iwe sawa. Pedi iliyokatwa hivyo ilikuwa imepungua, na aliifungia bamba dogo zaidi alilolihifadhi kwenye kopo la peke yake. Alimaliza ukingo wa boneti. Alimaliza juu ya mlango, isipokuwa mahali pamoja kando ya tundu la ufunguo. Kila baada ya mipito michache alisimamisha mashine na kuitazama pedi usoni. Nyeusi. Maadamu nyeusi, usalama. Ingekuja kijivu, ndiyo basi.

Ilikuwa imebaki madigadi dada yake alipomwita. Kulikuwa na mteja kwenye simu, anataka kuongea na Kioo mwenyewe, hataki mwingine. Kwa sifa za namna hiyo Kioo huwa hajivungi. Alizima mashine, akaifungua pedi na bamba dogo ili vipoe, akaviweka juu ya meza, akaingia ofisini.

Fundi rangi alikuwa na gari jingine nje linalongoja nafasi ile ya kivulini. Alitazama saa. Alitazama madigadi. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, ya pedi ndogo, na Kisosi si hiki hapa juu ya meza? Hakukosea pedi. Amekaa na shemeji yake vya kutosha kujua kwamba pale si pa Sinia wala Bakuli. Alichokosea ni nyuma yake. Alichukua bamba la kawaida la Kisosi lililokuwa karibu na mkono, bila kujua kwamba pedi ile ilikuwa imeshapunguzwa, na vikashikana vizuri tu, ukingo kwa ukingo.

Ofisini, Kioo alikuwa akimweleza mteja kwamba ndiyo, ni yeye, na ndiyo, anaweza. Akanyamaza katikati ya neno. Mlio wa mashine anaujua. Sponji juu ya rangi hunong'ona. Huu ulikuwa kama kijiko kinachokwaruza sufuria.

Simu ilibaki ikining'inia. "Acha!" Sauti ile iliyozoea kushindana na kompresa ilitangulia, yeye akafuata. "Acha, shemeji! Inua, inua!"

Fundi rangi aliinua. Mashine ikazunguka hewani, ikapungua, ikanyamaza. Kwenye mgongo wa madigadi palikuwa na alama ya nusu duara, kama ukucha wa mtu mkubwa uliokandamizwa kwenye siagi.

Dada yake alikuwa ameshafika mlangoni, mkono mdomoni. Kioo alimnyang'anya shemeji yake mashine, akaipindua, akaitazama pedi.

"Rangi gani?" aliuliza fundi rangi. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, sauti yake haikuwa na utani.

"Nyeusi." Akaisogeza kwenye mwanga. "Nyeusi. Bado tunayo."

"Nilidhani nakusaidia. Pedi si hii?"

"Pedi ni hii. Bamba silo." Alivigeuza, akamwonyesha plastiki iliyokuwa imelingana na sponji. "Ungeendelea hapo kidogo tu tungekuwa tunaongea mengine."

"Basi nipake hapa tu. Pahali padogo. Nitalinganisha rangi, hataona."

"Ataona."

"Shemeji, nakwambia, mimi nikilinganisha—"

"Ataona, na hata asipoona, mimi nilimwambia itabaki. Sikumwambia itabaki kasoro hapa." Alilaza taa kwenye alama, akainamisha kichwa hadi shavu likakaribia kugusa bati. Kovu lilikuwa na kina, lakini halikufika mwisho. Kulikuwa na weusi chini yake, mwembamba kama ngozi ya kitunguu.

"Utaweka pedi gani hapo?" aliuliza dada yake. "Ndogo zaidi huna."

"Ninayo."

Alivua saa, akaosha mikono hadi viwiko, akakata kipande cha sponji laini na kukizungushia kidole gumba. Akatia dawa nyepesi kabisa, tone. Kisha akaanza kusugua kwa mkono, si juu ya kovu bali kingo zake, akizishusha taratibu ili nusu duara ile ipoteze ncha. Gumba halina mota. Likipata joto, mwenyewe anajua. Alisugua, akafuta, akalaza taa, akasugua. Fundi rangi aligeuka kama mtu anayetaka kuondoka, kisha akavuta kiti, akakaa. Mteja wa gari la nje alikuja kuuliza, akaambiwa angoje. Aliyemwambia ni fundi rangi.

"Mbona hunigombezi?" aliuliza baada ya muda.

"Nina kazi. Nikimaliza nitakugombeza vizuri."

Ukucha ulififia ukawa mstari. Mstari ukafifia ukawa kivuli ambacho kilihitaji taa na nia mbaya ili kuonekana. Hapo Kioo akasimamisha gumba.

"Kimebaki kidogo," alisema fundi rangi, akiinama. "Malizia."

"Hapana. Hicho kidogo ndicho kinachotutenganisha na praima. Kinakaa."

Mstaafu alikuja mchana kama alivyosema, shati limepigwa pasi. Gari lilikuwa limeshasukumwa nje, juani, kwa sababu Kioo haonyeshi kazi kivulini. Anasema kivulini hata sufuria inang'aa. Mzee alisimama mbali. Mawingu yalikuwa yakipita kwenye boneti. Akakaribia, akajiona kwenye mlango, akanyoosha kola.

"Ni lenyewe," alisema.

"Ni lenyewe. Lakini nikuonyeshe vitu viwili." Kioo alimshika kiwiko, akampeleka kwenye tundu la ufunguo. Kando yake palikuwa na mikwaruzo myembamba iliyosambaa kama ndevu za paka. "Hii nimeiacha. Chini yake hakuna kitu. Hapo hakuna saizi ya pedi."

Mzee aliigusa. "Ni funguo zangu hizi. Zilikuwa nyingi kwenye mkufu mmoja." Akacheka. "Ungeifuta ningekudai."

"Na hapa." Walifika kwenye madigadi. "Hapa kuna alama. Haikuwepo ulipolileta."

"Mimi," fundi rangi alikohoa nyuma yao. "Hiyo ni mimi. Yeye ameirudisha."

Mzee aliinama, akatafuta. Akavaa miwani, akatafuta tena. Alipoiona, aliipima kwa ncha ya kidole. "Rangi ni ileile?"

"Ileile," alisema Kioo. "Hakuna kilichopakwa."

"Basi." Alinyooka. Chembe ya vumbi ilikuwa imetua mgongoni mwa madigadi, palepale, na mkono wake wa kulia ukaenda mfuko wa nyuma bila yeye kuutuma. Kitambaa cha manjano kilikuwa kimeshakunjuliwa hewani Kioo alipomdaka kifundo cha mkono.

"Mzee! Hapana!"

Fundi rangi aliruka. Hakuwahi kumwona shemeji yake akimshika mteja.

"Nafuta vumbi tu, mwanangu."

"Vumbi ni mchanga, mzee. Unaushika kwa kitambaa kikavu unausugulia kwenye rangi. Mlango wa dereva, ukingo wa boneti, madigadi ya kulia. Kila siku, kwa mpangilio huohuo." Aliachia mkono wake, sauti ikashuka. "Jua halijakuibia rangi, wala mvua. Ni wewe na mapenzi yako."

Mstaafu alitazama kitambaa, kisha gari, kisha sehemu zile tatu moja baada ya nyingine, akifuata njia aliyoifuata tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

"Na hakuna aliyeniambia."

"Hao wote waliangalia rangi. Mimi niliangalia mkono." Kioo hakuwa mtu wa kuacha sifa ipite bila kuipokea. Alivuta kutoka kwenye kamba kitambaa laini chenye manyoya, bado kibichi, akakikamua. "Hiki. Maji kwanza, ndipo ufute. Vumbi likija ukiwa safarini, liache lisafiri."

"Na hiki?" Mzee aliinua cha manjano.

"Nipe mimi."

Alisita. Kisha akakikunja mara mbili, kwa adabu, akamwekea kiganjani. Dada yake Kioo alikuja na funguo, wakaagana, na gari jeusi likasogea taratibu kuelekea getini, likiwa limebeba mawingu yote juu ya paa.

Getini lilisimama. Mlango ukafunguka, mzee akashuka. Akatazama madigadi ya kulia, na wale watatu uwanjani wakaona mkono ukienda mfuko wa nyuma, ukaingia, ukatafuta, ukatoka mtupu. Akasimama hivyo, kiganja wazi, kisha akawageukia na kuwapungia kwa mkono huohuo, akaingia na kuondoka.

"Haya," alisema Kioo, akigeuka kumtazama fundi rangi, akikunja mikono ya shati. "Sasa nina nafasi. Kaa hapo kwenye ndoo, shemeji, nikugombeze."